Ankara ya Word ijihesabie yenyewe tarehe ya mwisho ya kulipa

Mkuu, umeuliza ankara yako ya Word itaongezaje siku 30 juu ya tarehe ya leo bila wewe kuigusa. Shida ni kwamba Word inajua kuandika tarehe, kuihesabu haijui. Ukibonyeza Ctrl+F9, ukaandika DATE ndani ya mabano yanayotokea, kisha ukabonyeza F9, inakupa ya leo vizuri tu. Ukichukua namba ya siku na kuiongezea 30, tarehe 20 inageuka 50! Zipo fomula ndefu za kuzunguka hilo na zinafanya kazi, ila ukikosea mabano mamoja utakesha.

Mimi hesabu namwachia Excel. Andika =TODAY()+30 kwenye seli, nakili, halafu kwenye Word tumia Paste Special na uchague Paste link. Kwa Excel siku moja ni 1, kwa hiyo Februari haimsumbui. Ukitaka mwezi kamili badala ya siku 30, tumia fomula ya EDATE: =EDATE(TODAY(),1). Usihamishe faili la Excel, kiungo kitakatika. Tarehe isipobadilika, ichague ubonyeze F9.

Kama unatumia LibreOffice Writer, umepona: pale unapoingiza tarehe kuna kisanduku cha kuongeza siku.

Sasa tahadhari. Niliwahi kumtumia mteja ankara yenye DATE, akaifungua wiki tatu baadaye ikasomeka imeandikwa siku hiyo hiyo. Nilikosa la kusema. Kabla ya kutuma, chagua tarehe ubonyeze Ctrl+Shift+F9 igande, au tuma PDF.