Ukinunua mashine ya mtumba usiulize ina miaka mingapi

Mwaka juzi nilinunua mashine ya boti ya mtumba, ya nguvu za farasi arobaini, hapa Amu (Lamu), muuzaji akaapa ati imefanya kazi msimu mmoja tu, na kweli rangi inang'aa, propela haina hata kovu, mimi nikatoa pesa. Miezi mitatu tu pistoni ikajam katikati ya mkondo wa bahari wa Mkanda na abiria wamo ndani. Kuja kudadisi kumbe ilikuwa ikivusha watu Mokowe na Amu, washa, vuta mpaka mwisho, zima, washa tena, kutwa nzima, haipewi hata dakika mbili ipate moto.

Hasara yangu nimekuja kuielewa kwa mpwa wangu, ana wazimu wa ndege za vita huyo, kila usiku "mjomba hebu ona hii". Siku moja akanionyesha F100, injini ya ndege za vita za Marekani F-15 na F-16.

Hizi ni tabofani. Feni ya mbele inavuta hewa, nyingine inaingia ndani inagandamizwa na kuchomwa na mafuta, nyingine inapita pembeni tu. Ndege ya abiria kama 737-800 inapitisha pembeni karibu mara 5 ya ile inayoingia ndani, ndo maana feni yake pana vile na haili sana mafuta. Ya vita lazima iwe nyembamba ienee ndani ya bodi, na moshi utoke kwa kasi kubwa, kwa hivyo F100 kwa kila kilo inayoingia ndani inayopita pembeni haifiki hata kilo 1. Na hiyo ya pembeni bado ina oksijeni, rubani akitaka nguvu zaidi yanamwagwa mafuta mengine huko nyuma ya tabaini (gurudumu la bledi linalozungushwa na gesi ya moto), moto juu ya moto, msukumo unaruka toka kama kilonyutoni 65 mpaka 106. Mafuta hapo usiulize.

Kilichonishika mimi ni shida zake za miaka ya 70. F-15 ilikuwa na nguvu mpaka marubani wanaichezea thirotili, ule mkono wa kuongeza na kupunguza nguvu, mbele nyuma mbele nyuma, kuliko walivyokadiria waliounda injini. Kila ukisukuma, bledi za tabaini zinapigwa na gesi ya zaidi ya digrii 1,300, ukirudisha zinapoa, chuma kinatanuka kinasinyaa mpaka kinachoka. Tena saa zingine hewa ndani inavurugika, injini inakwama huku joto linapanda, rubani inabidi aizime aiwashe tena hukohuko angani (F-15 ina mbili, F-16 ina moja, fikiria). Mwaka 1984 jeshi la anga la Marekani likagawa oda ya injini, isiwe ya waundaji wa F100 peke yao, General Electric nao wakaingia na injini yao F110.

Ndo maana injini hizi hazihesabiwi saa peke yake, inahesabiwa pia imepandishwa mpaka nguvu kamili mara ngapi. Walahi nikajiona mjinga, manake mimi niliuliza mwaka tu!

Sasa nauliza ilikuwa njia gani na nani alikuwa akiiendesha. Mashine ya mvuvi anayekwenda mbali kwa mwendo mmoja, hata ikiwa na miaka minne, naichukua kabla ya ile ya kuvusha. Toa plagi, pima kompresheni (mgandamizo wa ndani ya silinda) kwa geji, silinda zote zisipishane sana. Na ukifika, kabla hajaiwasha muuzaji mbele yako, gusa kichwa cha mashine, kikiwa na moto ujue ameshaiwasha kabla yako, mwambie utarudi kesho asubuhi uiwashe mwenyewe ikiwa baridi.