Duka la mtandaoni ukiwa kusini: hela usiimalizie kwenye tovuti

Mdogo wangu wa Nachingwea, nimesoma swali lako. Una laki sita, unataka kuuza korosho zilizobanguliwa mpaka Dar na Arusha, na fundi amekwambia tovuti ni laki nne. Umlipe? Usimlipe. Sisemi tovuti ni mbaya, mimi mwenyewe ninayo. Ila nilianza na hiyo hiyo, na mwaka mzima wa kwanza iliniletea wateja wawili, mmoja wao shemeji yangu aliyekuwa anajaribu tu kama inafanya kazi.

Nipo Mtwara mjini, huu mwaka wa tano. Nauza korosho za kuchoma na ambazo hazijachomwa. Watu wananiona Instagram, tunaongea WhatsApp, ila biashara yenyewe iko kwenye buti la basi. Picha nzuri siku hizi kila mtu anapiga. Kazi ni korosho kufika Arusha ikiwa inavunjika "kwa!" mdomoni kama ilivyotoka hapa.

Nikueleze nilivyoharibu. Mwanzoni nilikuwa nafunga kwa nailoni na mshumaa: unakunja mdomo wa nailoni juu ya bleda ya msumeno wa chuma, unapitisha kwenye moto taratibu. Kwa macho imeziba kabisa. Siku moja mteja wa Morogoro akanitumia voisi: "Dada, korosho ni tamu, ila mbona zinanuka ng'onda?" Nikachukua paketi iliyobaki nyumbani, nikaizamisha kwenye beseni la maji na kuiminya. Vipovu vikatoka pembeni, kamstari kamoja kembamba. Kumbe boksi langu lilisafiri usiku kucha limebanana na ndoo ya samaki wakavu, na korosho ina mafuta, inanyonya harufu. Ikipata unyevu ndiyo basi, inalegea kama muhogo wa jana.

Nilirudisha hela yote. Iliniuma. Wiki ile ile nikanunua mashine ndogo ya kuzibia, elfu hamsini na kitu, na mifuko mizito yenye foili ndani. Hadi leo kila nikifunga mzigo nachukua paketi moja naipeleka kwenye beseni. Mume wangu anacheka kwamba naogesha korosho.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi tunajidanganya. Niliona kilo naipata 20,000 na nauza 28,000, nikasema faida 8,000, tena nikaandika kwa herufi kubwa DELIVERI BURE. Piga na mimi: korosho 20,000, mfuko na stika 800, kuchoma na mkaa na dada anayenisaidia 1,000, fungu la kilo hiyo kwenye nauli ya boksi 1,500, boda wa Dar kumpelekea mteja 4,000. Jumla 27,300. Imebaki 700, na hapo sijatoa makato ya kutoa hela wala bando. Siku ambayo mteja hakupokea simu na boda akaenda mara mbili, nilikuwa nimemlipa mteja ale korosho zangu.

Nikabadilisha mambo matatu kwa mpigo. Bei ya korosho ikawa peke yake na usafiri peke yake, mteja anaujua kabla hajalipa. Mizigo ya Dar nikaanza kuikusanya, inatoka Jumanne na Ijumaa tu, boksi moja kubwa kwa wifi yangu Mbagala, yeye ndiye anagawa kwa boda kulingana na njia. Namlipa kwa kila paketi, usimtumikishe ndugu bure, atakuchoka na mizigo italala sebuleni. La tatu, kilo moja moja nje ya Dar nimeacha, kuanzia kilo mbili. Wapo walionuna. Sawa.

Kuhusu malipo: mtu wa Arusha hakujui, na matapeli wa mtandaoni wamewaumiza watu vya kutosha. Usimlaumu akisita kutuma hela kwanza. Mimi naandika jina lake kwa makapeni kwenye boksi, namrekodia video fupi nikilifunga, halafu jioni namtumia picha ya risiti ya mzigo yenye jina la gari na namba ya simu ya ofisi ya basi. Wa Dar analipa akipokea. Na wewe pia jilinde, ujumbe wa "umepokea" usiuamini kwa kuusoma, angalia salio. Mimi nilishatoa kilo tatu kwa meseji iliyoandikwa na mtu kwa vidole vyake.

Tena kuhusu korosho yenyewe. Jifunze madaraja, maana malalamiko mengi si ubovu, ni "kwenye picha zilikuwa kubwa". Namba kama W180, W240, W320 inaonyesha takribani korosho ngapi nzima zinaingia kwenye ratili moja, yaani kama gramu 454. Kwa hiyo namba ikiwa ndogo, korosho ni kubwa. Wateja wengi hawajui, na wauzaji wengine wanapenda wasijue. Mimi napiga picha korosho ikiwa pembeni ya kiberiti, na vipande nauza kama vipande, kwa bei yake. Wapishi wa keki wanavitafuta sana hivyo, wala hawahitaji nzima.

Korosho ghafi usithubutu kuokota mtaani kwa bakuli. Hiyo ni kangomba, yaani ununuzi wa magendo; ghafi ina mfumo wake wa stakabadhi ghalani, mkulima anapeleka ghalani anapewa risiti, na inauzwa kwa minada. Nenda kwa vikundi vya wabanguaji, akina mama wanaobangua kwa mkono, uone wanavyofanya. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, utaona viganja vyao, na hutapunguza bei tena kienyeji. Mavuno yanaanza Oktoba, kwa hiyo mtaji wako mkubwa uwe mkononi miezi hiyo. Nikichelewa mpaka mvua za masika, napata bei mbaya na korosho zenye unyevu kwa pamoja.

Karatasi nitapita haraka. TIN, namba ya mlipa kodi, pale TRA hulipii. Leseni ya biashara ni halmashauri, jina la biashara unasajili kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, kwa mtandao. Kwa chakula cha kufungwa utahitaji TBS, shirika la viwango, ndio wanaoshika usalama wa chakula tangu 2019, ila anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanakuelekeza na kukuandikia barua ya utambulisho. Usisubiri duka kubwa likuulize nembo ndipo uanze kukimbia.

Nirudi kwa fundi wako. Siku utakapotaka tovuti, hakikisha jina la .co.tz limesajiliwa kwa jina lako na barua pepe yako. La kwangu la kwanza fundi alilisajili kwa jina lake, "nitakupa baadaye dada". Mwaka ulipoisha simu haipokelewi, tovuti imezima, na jina lilikuwa limeshachapishwa kwenye mifuko. Kwa sasa WhatsApp Business inakutosha, ina katalogi na majibu ya haraka, na ni bure.

Lakini usilale humo pia. Akaunti yangu ya Instagram ya kwanza, yenye wafuasi kama elfu nne, ilienda kwa dakika tano. Rafiki (nilidhani ni rafiki) aliniomba nimtumie namba za uhakiki zilizoingia kwenye simu yangu "kimakosa". Nikatuma. Kesho yake akaunti yangu inatangaza kuuza dola, na mimi siwezi kuingia. Ndipo nikaanza daftari la kaunta: jina, namba, mji, alichonunua, tarehe. Watoto wananiita mshamba.

Mei 2024 walinyamaza. Kimbunga Hidaya kilikuja mwanzoni mwa mwezi, mvua ikakata barabara ya Lindi kwenda Dar pale Somanga. Nilikuwa na paketi kumi na nne zimeshalipiwa. Kabla sijapumua, Jumapili ya tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika huko baharini, intaneti nchi nzima ikawa ya kusukuma. Instagram haifunguki, WhatsApp alama ya saa tu. Nikafungua daftari nikatuma meseji za kawaida, moja moja: barabara imekatika, korosho zako ziko kwangu, ukitaka hela nakurudishia leo. Kumi na wawili walisema watasubiri. Wawili nikawarudishia, mmoja alirudi mwenyewe Disemba. Nikiwa na hiyo akaunti peke yake, siku zile wote kumi na wanne wangejua nimetapeliwa mimi au nimewatapeli wao?

Kwa hiyo laki sita yako mimi ningeigawa hivi: laki tatu na nusu korosho, laki moja mashine na mifuko, hamsini nauli ya mizigo ya kwanza, na laki moja isiguswe, ni ya kurudishia watu hela. Usicheke, utaihitaji. Ulizia pia pale Nachingwea gari lipi linaingia Dar mapema, maana likiingia usiku mzigo unalala ofisini.

Na stika, chapisha hamsini kwanza. Mimi nilichapisha elfu moja, tarakimu moja ya simu ikakosewa. Nilikuja kugundua baada ya stika mia tatu kuondoka. Nilipoipiga namba ile kujaribu, akapokea baba mmoja wa Tabora. Kabla hata sijasalimia akasema, "Korosho zimeisha!"