Hamza: Konsonanti Ambayo Kiingereza Hutamka Bila Kuiandika

SWALI: Mwanangu anasoma isimu ya Kiingereza chuo kikuu, na katika vitabu vyake nimelikuta neno hamza, ambalo mimi nililijua madrasa tu. Hamza inahusiana vipi na Kiingereza, nacho hakina herufi hiyo? Na ile alama inayofanana na alama ya kuuliza ndiyo hamza yenyewe?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hamza ya madrasa na hamza ya vitabu vya mwanao ni sauti moja. Waliosoma tajwidi, yaani kanuni za kuisoma Qurani, wanakumbuka kwamba makhraji yake, mahali inapotokea, ni mwisho kabisa wa koo. Wanafonetiki husema jambo hilohilo wanapoeleza kwamba nyuzi za sauti hufungana, pumzi ikazuiwa kwa muda mfupi sana, kisha zikaachiana. Ni konsonanti kamili, wala si kimya kilichoachwa kati ya irabu mbili. Katika Kiarabu saʾala ni “aliuliza”, na sāla, yenye irabu ndefu isiyokatwa, ni “ilitiririka”, kwa hiyo anayeimeza hamza amesema neno jingine.

Kiingereza nacho kina sauti hiyo. Katika usemi wa London ya Mashariki, t ya katikati ya bottle au water hugeuka hamza. Wamarekani wengi huitamka katika button, na katika uh-oh ndiyo inayozikata irabu mbili. Lakini kuiweka au kuiondoa hakubadilishi maana ya neno la Kiingereza, ndiyo maana mwandiko wa lugha hiyo haukuihitaji, na mtu aliyezaliwa nayo huitamka kila siku bila kujua kwamba ipo. Kiarabu huwafaa walimu wa isimu hapo hasa, kwa sababu ndani yake sauti hiyo ina jina na alama, na wanafunzi wanaweza kuonyeshwa kwamba ni sauti kama b au k.

Alama ʔ si hamza ya Kiarabu. Ni alama ya sauti hiyohiyo katika Alfabeti ya Kifonetiki ya Kimataifa, ambayo wanaisimu huandikia sauti za lugha zote, na umbo lake limetokana na alama ya kuuliza iliyoondolewa nukta. Hamza ya Kiarabu, ء, ni kichwa cha herufi ain, na mapokeo yanasema aliyelibuni umbo hilo ni al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanazuoni wa Basra wa karne ya 8 ambaye asili yake ni Oman. Ililazimu ibuniwe kwa sababu Waarabu wa Hijazi, eneo la Makka na Madina, walikuwa wakiiacha hamza mara nyingi katika matamshi yao, na mwandiko wa kwanza wa Qurani uliyafuata matamshi hayo. Alama ilipokuja ikakuta maneno yamekwisha andikwa, ikapandishwa juu ya herufi alifu, wau au ye, ambazo hadi leo huitwa viti vyake. Wanaosoma riwaya ya Warshi, mojawapo ya njia zilizopokewa za kuisoma Qurani, inayoenea Moroko na Afrika Magharibi, bado husema yūminūna (“wanaamini”) pale ambapo sisi tunaofuata riwaya ya Hafsi husema yuʾminūna.

Jambo ninalomwomba mwanao alishike ni kutoichanganya hamza na ain. Maandishi ya kitaalamu ya Kiingereza huzitenga kwa nusu duara mbili, ʾ na ʿ, lakini magazeti huzipa zote apostrofi moja au kuzifuta kabisa, na msomaji hawezi tena kujua neno liliandikwaje kwa Kiarabu. Sisi wazungumzaji wa Kiswahili tuna sababu zaidi ya kuwa makini, kwa kuwa lugha yetu imezidondosha zote mbili: aa ya taathira ilikuwa na hamza, aa ya saa ilikuwa na ain, na masikioni mwetu ni sauti moja. Katika vitabu vyake atazame upande ulio wazi: nusu duara ya hamza hufunguka kushoto, ya ain hufunguka kulia.