Maswali ya Wasomaji: Kamba, Dira na Madumu Kama Darasa la Ushirikiano

Niliwagawa wanafunzi 40 katika makundi mawili wakajenga mraba wa kamba huku macho yamefungwa. Wawili watatu walipiga kelele, waliobaki walishika kamba na kusubiri. Kosa langu ni lipi? – Mwalimu wa darasa la sita

Kosa ni idadi, mwalimu. Mhandisi Mfaransa Max Ringelmann, katika matokeo aliyochapisha mwaka 1913, alipima nguvu ya watu wanaovuta pamoja na kukuta kwamba kundi likikua, mchango wa kila mmoja hupungua. Sehemu ya upotevu huo ni kukosa mwafaka wa mwendo, na sehemu nyingine ni mtu kuona kwamba hata akilegea hakuna atakayejua. Katika kundi la 20, mwanafunzi mkimya ana pa kujificha. Gawanya makundi matano ya wanane. Kwa kila kundi sita wacheze na wawili wawe waangalizi wenye karatasi na kalamu, halafu wabadilishane katika duru ya pili.

Kwa wachezaji sita inatosha kamba ya mita 15, nene kiasi cha kushikika vizuri (milimita 8 hadi 10), iliyounganishwa ncha zake kwa fundo. Chagua uwanja tambarare na upite mwenyewe kuondoa mawe, vigingi na kuangalia mashimo kabla hujafunga mtu macho. Wape dakika tatu za kupanga wakiwa wanaona, lakini bila kugusa kamba. Wakishafungwa macho, waikute imelala chini mbele yao, na wawe na dakika 20. Sharti ni moja: mkono unaweza kuteleza juu ya kamba, ila mtu asiiachie mikono yote miwili. Waangalizi wanahakikisha hakuna anayegongana na mwenzake.

Njia ipo, na wewe uijue ili usiwe na hofu wakikwama. Fundo liwe kona ya kwanza. Mtu wa pili apokee kamba pande zote mbili za fundo na kuteleza nazo kwa pamoja hadi mwisho. Pale inapojikunja ndipo kona ya tatu. Kila nusu ikikunjwa tena katikati yake, kona mbili zilizobaki zinapatikana. Makundi mengi hayafiki hapo kwa sababu kila mtu anavuta kona yake kabla hawajakubaliana kona zihesabiwe kuanzia wapi. Mara nyingi kuna aliyelitamka wazo la kukunja mapema kwa sauti ndogo, likapotea katika makelele. Waangalizi waandike hilo hasa: nani alitoa wazo, dakika ya ngapi, na nani alilijibu.

Katika duru ya pili, mpe yule mwenye sauti kubwa jukumu la kunyamaza kwa dakika kumi za mwanzo. Mweleze kando, kwa heshima, kwamba ni jukumu na si adhabu. Ukimtangaza mbele ya wenzake, utampoteza.

Wanafurahi sana uwanjani, lakini wakirudi darasani ni walewale. Je, michezo hii inafundisha kweli? – Mwalimu wa sayansi

Mchezo peke yake unachangamsha tu. Kufundisha kunaanza mnapokaa chini baada yake, na hapo ndipo ratiba nyingi za shule hukata muda. Mkicheza dakika 20, tengeni dakika 15 za mazungumzo, kwa duara, wote mkiwa mmekaa usawa mmoja, mwalimu pia.

Usiulize “Mmejifunza nini?” Watakujibu “ushirikiano”, kwa kuwa wanajua ndilo neno unalolingoja, na hapo mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Uliza mambo yanayoshikika. Nini kilitokea dakika ya tano? Wazo la kukunja kamba lilitoka kwa nani, na kwa nini lilichelewa kusikilizwa? Kundi lingefanya nini tofauti likipewa dakika kumi nyingine? Wasomee waliyoandika waangalizi, kisha nyamaza. Kimya cha nusu dakika kinamchosha mwalimu kuliko wanafunzi, kivumilie.

Halafu rudieni kazi ileile. Mwaka 1984 mtaalamu wa elimu David Kolb alieleza mzunguko wa kujifunza kwa vitendo wenye hatua nne: kutenda, kutafakari, kutoa kanuni, na kuijaribu kanuni hiyo upya. Shule nyingi huishia hatua ya pili. Mwanafunzi aliyesema “tusikilizane” anahitaji kuona katika duru ya pili kwamba kusikilizana kumepunguza muda. Siku ya tatu peleka kanuni yao kwenye jaribio la maabara: kabla hamjawasha chochote, kila mmoja aseme wazo lake mara moja. Hapo ndipo uwanja unapoingia darasani.

Nisaidie lini kundi likikwama? – Mwalimu mgeni katika kazi hii

Kwa jambo la usalama, simamisha papo hapo. Kwa mengine yote, subiri kuliko unavyoona inafaa. Wakikuomba msaada, rudisha swali: “Mmejaribu nini mpaka sasa?” Wakibaki palepale kwa dakika tano, wape kidokezo kimoja, tena kwa yule ambaye hajasikika, ili wenzake walazimike kumsikiliza.

Nataka zoezi la ramani na dira, lakini kila mara mwanafunzi mmoja mwerevu anawaongoza wenzake wote kama kondoo. – Mlezi wa klabu ya skauti

Kazi inayomalizwa na kidole kimoja haiwezi kufundisha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Igawanye taarifa yenyewe. Makundi yawe ya watu wanne: msomaji wa ramani, mshika dira asiyeruhusiwa kuiona ramani, mhesabu hatua, na mwandishi wa muda na maamuzi. Wabadilishane majukumu kila kituo. Vituo vitano, vya umbali wa mita 150 hadi 250, vinatosha.

Kabla ya siku hiyo, kila mwanafunzi atembee mita 100 zilizopimwa na kuhesabu kila mguu wa kulia unapokanyaga. Ajue pia kwamba kwenye mlima au vichaka hesabu hiyo itaongezeka.

Hatua za dira ni hizi; zile za juu ya ramani ni za msomaji. Laza ukingo wa dira juu ya ramani kutoka ulipo hadi unakokwenda, mshale wa mwendo ukielekea unakokwenda. Zungusha duara la digrii hadi mistari yake ilingane na mistari ya kaskazini ya ramani, kisha rekebisha tofauti kati ya kaskazini ya ramani na ya sumaku kama ilivyoandikwa pembeni mwa ramani. Msomaji anaitaja namba hiyo kwa mshika dira, naye anairudia kwa sauti. Mshika dira anaiweka namba hiyo kwenye duara la digrii, anaishika dira mbele ya kifua, imelala sawasawa, na kugeuka mwili mzima hadi ncha nyekundu ya sindano ikae kwenye alama ya kaskazini. Achague mti au jiwe lililo mbele na kulifuata, badala ya kutembea akiikodolea dira.

Makosa ya kawaida ni matatu. La kwanza ni kufuata ncha isiyo nyekundu, na kundi likaenda kinyume kabisa. La pili ni simu, funguo au uzio wa chuma kuivuta sindano. La tatu ni kusikia namba vibaya: digrii tano tu kwa mita 200 zinakutupa mita 17 pembeni, na kibao cha kituo hukioni. Hili la tatu ndilo la thamani kwa mwalimu, maana halitokani na dira bali na watu wawili ambao hawakuhakikishiana.

Kila kundi liwe na filimbi, saa ya lazima ya kurudi, na mpaka unaoonekana, kama barabara au mto, ambao halivuki kwa sababu yoyote.

Shule ya mwanangu inataka watoto waunde chelezo cha madumu. Niiulize nini kabla sijasaini? – Mzazi

Ulizia maji kwanza. Yawe yametulia, hayana mkondo, yasiyopita kiuno cha mtoto, na sakafu yake imekaguliwa. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea linalomtosha kabla hajafika ukingoni, na mtu mzima anayejua kuokoa awe ndani ya maji, siyo juu ya kingo. Hakuna mtoto anayefungwa kwenye chelezo. Majibu yakiyumba hapo, usisaini.

Yakiwa imara, zoezi ni zuri mno, kwa sababu maji hayamdanganyi mtu. Dumu tupu la lita 20 lenye uzito wa kilo moja linaelea na mzigo wa takriban kilo 19. Madumu sita ni kilo 114. Tumieni nusu tu, kilo 57, yaani mtoto mmoja na akiba. Watoto wafanye hesabu hiyo wenyewe kabla ya kupewa kamba.

Vizibo vijaribiwe kwa kuzamisha dumu: mapovu yakitoka, libadilishwe. Fito zinapokatana, kamba izunguke zote mbili mara tatu, kisha ipite mara mbili katikati ya fito kuibana ile mizunguko. Vyelezo vingi hufumuka kwa sababu dumu limefungwa kwa juu tu. Kamba ipite kwenye mpini na kuzunguka tumbo la dumu. Kamba ya katani hukaza ikilowa, ya nailoni hunyumbuka, kwa hiyo mafundo ya nailoni yakaguliwe tena baada ya dakika chache majini.

Mwanafunzi wangu anaogopa kufungwa macho na kuguswa. Nimlazimishe? – Mwalimu mlezi

Hapana. Taasisi ya Project Adventure, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1971, ilieneza kanuni kwamba mshiriki mwenyewe huchagua kiwango cha changamoto. Lakini kuchagua si kuketi pembeni. Mpe hiari ya kufumba macho bila kitambaa, au awe mwangalizi, au atunze muda na kuutangaza kila dakika tano. Mwulize siku moja kabla, mkiwa wawili, si mbele ya duara.