Cheti cha uasili hakitoshi kuvusha mahindi Namanga

Umeuliza kwa nini mzigo wa mahindi umezuiwa Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, wakati una cheti cha uasili, yaani cha kuthibitisha bidhaa imetoka nchi ya Afrika Mashariki. Cheti hicho kinaondoa ushuru wa forodha tu. Kile chepesi, cha shehena isiyozidi dola 2,000, hutolewa hapo hapo mpakani, lakini hakisemi lolote kuhusu usalama wa nafaka. Tangu Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kisha ikafungua kwa masharti, kinachoangaliwa ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka: isizidi 10 ppb (sehemu 10 kwa bilioni), na cheti cha kipimo kiwepo. Ongeza cheti cha afya ya mimea na kibali cha kusafirisha nje, vyote kabla ya kupakia.

Kosa kubwa ni unyevu, maana ndio unaokuza kuvu. Kiwango cha juu cha Afrika Mashariki ni 13.5%. Ile mbinu ya kutikisa mahindi na chumvi kavu kwenye chupa, ukiona kama chumvi inanata, hugundua tu mahindi yenye unyevu wa zaidi ya 15%. Chumvi isiponata, bado unaweza kuwa na 14.5%. Tumia mashine ya kupima unyevu. Na mpimaji achome bambo (chuma cha kuchotea sampuli) kwenye magunia ya katikati na chini pia, maana sumukuvu hukaa kwa mafungu: gunia moja safi, la jirani lina sumu.