Usiiguse PATH kwa setx

Msomaji mmoja ameandika wiki hii: alisakinisha Java kwenye Windows, akabandika amri aliyoikuta mtandaoni, na tangu hapo Python na Node (programu ya kuendesha JavaScript) haziitiki. Amri yenyewe ni hii:

setx PATH "%PATH%;C:\Program Files\Java\jdk-21\bin"

Hakukosea hata herufi. Amri ndiyo mbovu, na bado inasambazwa kama dawa. Inauma, maana wanaoifuata zaidi ni wanaojifunza, na wengi hubaki wakidhani kosa ni lao.

Kigeu cha mazingira ni jina lenye thamani, na kila programu hupewa nakala ya vigeu hivyo inapofunguliwa. PATH ni orodha ya folda zilizotenganishwa kwa nukta mkato. Humo ndimo Windows hutafuta unapoandika python bila kusema iko wapi. Orodha zenyewe ni mbili, ya mfumo na ya mtumiaji, na Windows huziunga ya mfumo ikitangulia. Vigeu vya kawaida kama JAVA_HOME, kinachosema Java iko folda gani, haviungwi: cha mtumiaji hukifunika cha mfumo.

Hapo ndipo setx, amri ya Windows ya kuhifadhi vigeu, inapoharibu. %PATH% hutoa orodha zote mbili zikiwa zimeshaungwa. Amri inazichukua zote, inaziandika juu ya orodha ya mtumiaji peke yake, kisha inakata kila kinachozidi herufi 1024. Kwa kuwa za mfumo ziko mbele, panga linaangukia mkiani: folda zako za Python na Node, na mara nyingi hata hiyo ya Java uliyotaka kuongeza.

Kama umeshaibandika, usifunge dirisha la amri ulimoibandika. setx haigusi dirisha lililoiendesha, kwa hiyo echo %PATH% humo bado inatoa orodha ya zamani, nzima. Inakili kwenye Notepad, kisha urudishe folda zako moja moja kwa hatua zilizo hapa chini, hasa zinazoanza na C:\Users. Ukiwa umeshalifunga, itabidi uzitafute. Python iliyosakinishwa kwa mtumiaji mmoja hukaa AppData\Local\Programs\Python, na vifaa vya npm, kisakinishi cha Node, hukaa AppData\Roaming\npm, ndani ya folda yako ya mtumiaji.

Njia salama huanza na nakala ya vigeu vyako:

reg export HKCU\Environment nakala.reg

Kisha bonyeza Win+R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, halafu Environment Variables. Kisanduku cha juu ni chako, cha chini ni cha mfumo. Fanya kazi juu. Tengeneza JAVA_HOME yenye C:\Program Files\Java\jdk-21, bila \bin. Wengi huiongeza hapo, na Maven na Gradle, zana za kujenga programu za Java, hugoma papo hapo. Chagua Path, bonyeza Edit, kisha New, uandike %JAVA_HOME%\bin. Bonyeza OK kwenye kila dirisha mpaka la mwisho.

Huna haja ya kuzima kompyuta. Fungua tu dirisha jipya la amri, kwa sababu la zamani limeshika nakala yake ya zamani. VS Code, kihariri cha msimbo, ifunge yote: terminali yake ya ndani hurithi vigeu kutoka kwa VS Code yenyewe.

Sasa hakiki kwa amri where java, inayoonyesha java inapatikana kwenye folda zipi. Kwenye PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, andika where.exe java, kwa kuwa where tupu huko ni amri nyingine kabisa. Mstari wa kwanza ndio unaoendeshwa. Ukiandika python na Microsoft Store ikafunguka, utakuta mstari wa kwanza wa where python una folda ya WindowsApps. Ipandishe folda ya Python juu yake kwa Move Up, au zima python.exe kwenye App execution aliases, ndani ya Settings.

Kwenye Linux mstari huu huwekwa kwenye faili ~/.bashrc, kwenye macOS, inayotumia kisoma-amri cha zsh tangu 2019, ni ~/.zshrc:

export PATH="$HOME/bin:$PATH"

Hapa kitenganishi ni nukta mbili, na pembeni mwa alama ya sawasawa hapatakiwi nafasi. Ukiisahau $PATH ya mwisho, hata ls itapotea. Hilo likitokea, /bin/ls bado inafanya kazi, na faili unaweza kulifungua na kulirekebisha kwa kuandika anwani kamili ya kihariri, kwa mfano /usr/bin/nano.

Nanyi mnaoandika mafunzo, ifuteni amri ile ya setx kwenye kurasa zenu leo, muweke hatua za sysdm.cpl mahali pake.