Jibu: Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) si nchi, ila inapokea mabalozi

Mkuu, umeuliza kwa nini balozi wa Ujerumani aliyeko Dar apeleke tena hati zake za utambulisho kwa Katibu Mkuu wa EAC kule Arusha, kwani jumuiya imekuwa nchi? Haijawa. Ila mkataba wa 1999 ulioianzisha uliipa hadhi ya kisheria kimataifa, kwa hiyo inasaini makubaliano kwa jina lake. Hata lile jengo la makao makuu jirani na kituo cha mikutano cha AICC, lililozinduliwa 2012, ni hela ya Mjerumani.

Panapouma ni hapa: marais wa nchi wanachama huamua kwa maafikiano, mmoja akigoma mambo yanalala. Mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya ulikwama hivyohivyo. Kenya ikachoka kungoja, ikasaini wake Desemba 2023.